Barua ya wito: jinsi ya kuendesha kesi ya nidhamu ya mwanafunzi bila chuo kurudishwa na mahakama

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mwenzangu mmoja, wakili kijana aliyeajiriwa karibuni na chuo cha umma, tukiipitia faili ya mwanafunzi anayedaiwa kushikwa na mwakenya, yaani karatasi ya kuibia mtihani, katika chumba cha mtihani. Mimi kituo changu ni Malindi, na wanafunzi wetu wengi hutoka Lamu, Tana River na visiwani. Hilo la visiwani liweke akilini, lina kazi kubwa hapo chini.

Jambo la kujua kabla hujafungua faili: kesi ya namna hii ikifika Mahakama Kuu, swali kubwa mara nyingi si kama kijana aliiba mtihani. Huulizwa aliitwa vipi, alisikizwa vipi, na aliambiwa nini baadaye. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kufanyiwa uamuzi wa kiutawala ulio halali, wa busara na wenye kufuata utaratibu wa haki, na chuo cha umma hakina pa kuikwepea. Chuo chenye ushahidi usio na shaka kinaweza kushindwa kwa barua mbovu.

Hatua ya 1: Zisome kanuni za chuo chako

Soma statuti, kanuni za mitihani na kijitabu cha mwanafunzi. Zichapishe, usizisomee kwenye simu. Pigia mstari idadi ya siku za wito, akidi ya kamati, na nani hasa mwenye mamlaka ya kufukuza. Endelea.

Hatua ya 2: Chagua kiti chako

Wakili wa chuo huombwa kila kitu: aandike tuhuma, asome tuhuma, awe katibu, kisha aishauri kamati imhukumu vipi. Kubali kazi moja. Mimi hukaa kama mshauri tu, na tuhuma husomwa na mtu wa ofisi ya mitihani. Kamati ikitaka kujadili uamuzi, natoka pamoja na wengine. Wakiniita kwa swali la sheria, swali na jibu vyote viandikwe.

Kama mhadhiri aliyemshika mwanafunzi naye ni mwanakamati, siku hiyo aondoke kwenye meza. Huyo ni shahidi. Atanuna, muache anune.

Hatua ya 3: Barua ya wito

Hapa ndipo saa zinapopotea, na hapa ndipo kesi nyingi hufia.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 kinataka mtu apewe taarifa mapema na ya kutosha kuhusu jambo lenyewe na sababu zake, apewe nafasi ya kujieleza, ajulishwe haki yake ya kukata rufaa, haki ya kuwa na wakili pale inapohusika, haki ya kuhoji mashahidi, na apewe ushahidi utakaotegemewa. Wengi huisoma orodha hiyo wakadhani ni mambo ya siku ya kikao. Mengi yake ni mambo ya barua.

Anza na tuhuma. "Ulikiuka kanuni za mitihani" si tuhuma. Andika tarehe, saa, chumba, somo, nambari ya kanuni, na kilichoonekana: karatasi yenye maandishi ya mkono, ilikuwa chini ya kijitabu cha majibu, ikachukuliwa na msimamizi. Asiyejua sheria akiisoma aelewe kijana anadaiwa kufanya nini. Na neno ni "unadaiwa". Kuna barua za vyuo zinazosema "ufike ueleze kwa nini usiadhibiwe kwa kosa ulilofanya". Barua hiyo imeshamhukumu, na wakili wake ataisoma kwa sauti mbele ya jaji polepole sana.

Ambatisha ushahidi: taarifa ya msimamizi wa mtihani, nakala ya huo mwakenya, fomu iliyojazwa siku hiyo. Kumwonyesha vitu hivi akiwa ameshakaa mbele ya kamati ni kumvizia.

Sasa siku. Kanuni ikisema siku saba, hesabu tangu barua ilipomfikia, si tangu ulipoisaini. Halafu mfikirie mwanafunzi huyo alipo. Akishasimamishwa masomo, aghalabu amerudi kwao. Kama kwao ni Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, haamki asubuhi akaingia kikaoni Malindi saa nne. Kuna mashua ya kuja Amu (mji wa Lamu), na njia ya Mkanda, ule mkondo kati ya kisiwa cha Manda na bara, haipitiki maji yakiwa yametoka, kwa hiyo safari yake inafuata maji na haimfuati katibu wa kamati. Kutoka Amu avuke hadi Mokowe, kisha basi la Witu na Garsen. Na nauli yote hiyo anaitafuta mtu ambaye huenda ndiye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Sheria inasema taarifa iwe "ya kutosha". Utoshelevu wa mwanafunzi wa Malindi mjini si utoshelevu wa mwanafunzi wa Pate. Mimi kwa wa visiwani huongeza wiki nzima juu ya siku za kanuni. Wakubwa hulalamika kuwa naichelewesha kamati. Kuanza upya kwa amri ya mahakama kunachelewesha zaidi.

Angalia kalenda pia. Usimwite kijana wa Lamu kwenye siku za Maulidi, Mfungo Sita, kisha ushangae hakuja. Ijumaa adhuhuri usiweke kikao. Ramadhani weka asubuhi.

Na kufikisha barua, ambako ndiko nilikomkalisha mwenzangu mchana mzima. Faili yake ilikuwa na barua nzuri, lakini hapakuwa na alama hata moja ya kuonyesha kwamba ilimfikia mtu. Katibu alisema, "Nilimpigia simu." Simu si wito. Hata kama alipokea, hata kama alisema "sawa", huna ulichomkabidhi.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kizamani: mkononi, na kitabu cha kupokelea barua chenye jalada gumu. Jina, tarehe, saa, sahihi. Akikataa kusaini, mpelekaji aandike hapo hapo kwamba amekataa, aweke sahihi yake na ya mtu aliyeshuhudia. Kitabu hicho hakiishiwi chaji.

Akiwa mbali, tuma kwa barua pepe, lakini si ile anwani ya chuo peke yake. Wanafunzi wengi hawaifungui kabisa, na akisimamishwa huenda watu wa mitambo wameshaifunga. Utakuwa umetuma barua kwenye nyumba uliyoifunga mwenyewe. Tumia na ile binafsi aliyoiandika kwenye fomu ya usajili, na umwombe ajibu kwamba ameipata. WhatsApp naikubali kama nyongeza tu. Alama mbili za buluu zinaonyesha ujumbe ulifunguliwa, hazionyeshi nani aliishika simu. Na ukitaka kuzitegemea mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha mtu anayeeleza ile chapa ya kielektroniki ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Mtu huyo mteue siku ile ile unayotuma, si mwaka mmoja baadaye simu ikiwa imeshauzwa.

Kuna wanaopeleka kwa chifu. Inafaa, ila bahasha ifungwe kwa gundi na chifu asaini kupokea bahasha, si yaliyomo. Nakala kwa mzazi, la, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe ameridhia. Aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakihusu chuo kama inavyozihusu benki. Sisi wa pwani tunajuana, na habari ya mwakenya ikishuka gatini kabla ya barua haitarudishwa na uamuzi wowote wa kamati.

Mwisho wa barua uwe na sentensi mbili: kwamba anaweza kuomba kikao kiahirishwe kwa sababu ya msingi, na jinsi ya kuomba.

Hatua ya 4: Kikao

Msimamizi wa mtihani aje mwenyewe, ahojiwe na mwanafunzi. Mwanafunzi akitaka kujieleza kwa Kiswahili, ajieleze kwa Kiswahili, na yaandikwe aliyoyasema. Kumbukumbu zinazosema "mwanafunzi alijitetea" hazisemi kitu. Tafuta katibu mwenye mkono mwepesi, na urekodi sauti kwa kuwajulisha wote.

Hatua ya 5: Uamuzi na sababu

Barua ya uamuzi iseme alidaiwa nini, alijibu nini, kamati iliamini lipi na kwa nini, adhabu imetoka kanuni gani, na rufaa inakwenda wapi kwa siku ngapi. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Usingoje aombe sababu. Akiomba chini ya kifungu cha 6 cha ile Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala, una siku 30 za kumjibu kwa maandishi; usipojibu, mahakama itachukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri mpaka uthibitishe vingine.

Hatua ya 6: Rufaa

Waliokaa mara ya kwanza wasikae tena. Basi.

Hatua ya 7: Akienda mahakamani

Cha kwanza kutazama kwenye karatasi zake ni amri za muda. Kama jaji ameagiza afanye mtihani wa wiki ijayo, chukua amri hiyo kwa mkono wako mpaka ofisi ya mitihani leo hii, hata kama unaona imekosewa. Kubishana nayo kuna njia yake, na njia hiyo si kuikalia.

Cha pili, tazama kama alimaliza rufaa ya ndani. Kifungu cha 9(2) cha sheria hiyo hiyo ya 2015 kinaizuia mahakama kuusikiliza mgogoro kabla ya njia za ndani kumalizika, ingawa inaweza kumsamehe mtu kwa hali ya kipekee. Hoja hii haina nguvu kama barua yako ya uamuzi haikumtajia kwamba kuna rufaa.

Cha tatu, hati ya kiapo. Usiape wewe. Wakili anayeapa juu ya ukweli unaobishaniwa anajigeuza shahidi kwenye kesi yake mwenyewe. Aape msajili kuhusu utaratibu, aape msimamizi kuhusu alichokiona, na aliyepeleka barua aape kuhusu siku aliyoipeleka, kwa nakala ya ukurasa ule wa kitabu chenye sahihi. Ukurasa huo uskani kwa rangi, si kwa nyeusi na nyeupe, wino wa buluu usomeke.