Kuendesha meza ya D&D Gen Con kwa kujitolea: hatua kwa hatua, na namna ya kupambana na saa

Waswahili wenzangu wa huku Marekani wananiuliza sana, eti ukitaka kuendesha meza Gen Con unaanzia wapi, basi leo naandika yote mara moja.

Kwa asiyeijua, D&D (Dungeons & Dragons) ni mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi pamoja: kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, dadu zinaamua kama amefaulu, na anayeendesha meza ndo msimulizi. Gen Con nayo ni maonyesho ya michezo ya mezani, yalianza 1968 mji wa Lake Geneva, Wisconsin, na tangu 2003 yapo Indianapolis. Ni siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili, na miaka ya karibuni watu wanapita elfu 70. Wengi wanaosimamia meza ni watu wa kawaida kama mi na wewe.

Hatua ya 1: amua unaingiaje. Unaweza kusajili meza yako mwenyewe kwenye saiti yao, au ukajiunga na kundi linalotafuta wasimamizi. Kundi linakupa hadithi iliyoandikwa tayari na zamu zako, saa ingine na beji ya kuingilia. Ukiwa peke yako una uhuru ila kila kitu ni juu yako. Mwaka wa kwanza nenda na kundi. Mambo ya kurudishiwa hela ya beji yanategemea saa ulizoendesha, soma masharti ya mwaka huo usiskize stori za mtaani.

Hatua ya 2: jaza fomu mapema, na uandike ukweli. Fomu zinapokelewa miezi kibao kabla. Wachezaji mi naweka 6, wakizidi hapo mtu anasubiri zamu yake mpaka anaanza kuchezea simu. Ukiandika uzoefu hauhitajiki ujue atakaa mtu hajawahi kushika dadu ya pande 20 maishani, na huyo ndo wa kumhudumia kuliko wote.

Hatua ya 3: andaa wahusika wewe. Usimwambie mtu atengeneze mhusika pale pale, saa nzima imeisha! Mi nabeba 8 wa levo ya 3 (levo ni kiwango cha nguvu ya mhusika, hiyo bado ya chini), ili hata wa mwisho kufika awe na cha kuchagua. Kila karatasi napigia mstari vitu vitatu tu anavyoweza kufanya kwenye zamu yake. Alafu nakunja vikaratasi kama paa la nyumba, jina la mhusika pande zote mbili, maana hutakumbuka majina ya watu sita uliokutana nao dakika kumi zilizopita.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi tunaanguka: muda. Meza ni saa 4, tuseme saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Mwaka wangu wa kwanza nilienda na hadithi ya matukio matano, nzuri kweli kweli, wachezaji wakafika geti la mji wakamkuta muuza mbuzi niliyemuweka kama pambo tu, wakamhoji DAKIKA HAMSINI, mara ni jasusi, mara mbuzi ndo mfalme kageuzwa, na mi nacheka tu nafurahi, kuja kuangalia saa imebaki nusu saa na joka hata hatujalinusa. Tukamalizia kwa mi kuwasimulia mwisho, yani kama umealikwa harusini ukaambiwa pilau lilikuwa tamu.

Ukiwahi kuona MC mzuri wa harusi unajua kazi hii ilivyo. Ukumbi una muda wake, shangazi kang'ang'ania maiki, na chakula lazima kitoke. Kwa iyo siku hizi naandaa matukio matatu tu, mwanzo, pigano la mwisho, na la katikati ambalo naweza kulifuta lote bila mtu kujua. Saa sita kamili joka linatokea, hata kama bado wako na muuza mbuzi, basi linamla muuza mbuzi. Na pigano likivuta, pigano la watu sita linakula saa nzima kirahisi, napunguza uhai wa joka nusu kimya kimya. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Hatua ya 5: dakika kumi za kwanza. Jitambulishe, waulize nani mgeni, mkalishe karibu na wewe maana kelele ya ule ukumbi sio ya kawaida. Weka katikati ya meza kadi yenye herufi X, mtu akiona stori imefika pabaya kwake anaigusa, mnaruka, hakuna maswali.

Hatua ya 6: mwili wako. Nje ni joto la Agosti, ndani eisii inakugandisha, beba sweta. Meza mbili kwa siku zinatosha. Mi nilijaribu tatu, Jumamosi jioni joka likawa linaongea kwa kunong'ona.

Mwisho simama dakika 15 kabla ya muda, mwenzako wa meza inayofuata tayari yuko nyuma yako na begi lake. Kusanya penseli, na hesabu dadu zako kabla watu hawajaondoka, ile ya pande nne haichelewi kuingia kwenye mfuko wa mtu.