Kupiga picha ya rangi kwa filamu nyeusi-nyeupe

Tafuta kamera ya kurekebisha kwa mkono, stendi ya miguu mitatu, filamu nyeusi-nyeupe ya ISO 400 inayohisi rangi zote, na vichujio vya Wratten namba 25 (nyekundu), 58 (kijani) na 47 (buluu). Utapiga kitu kilekile mara tatu, kila mara kupitia kichujio kimoja, kisha uziunganishe picha hizo kuwa moja ya rangi.

Mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha njia hii London mwaka 1861. Baadaye mpiga picha Mrusi Sergey Prokudin-Gorsky aliitumia kupiga picha Milki ya Urusi kabla ya mapinduzi ya 1917. Wengi wakiziona picha zake leo hudhani zimepakwa rangi kwa kompyuta. La: rangi zake zilinaswa siku ileile, kila moja kwenye sehemu yake ya bamba la kioo, hivyo ni ushahidi. Picha ya zamani iliyotiwa rangi na programu ni makisio tu.

Mabanda ya maua ya City Market, Nairobi, yanafaa kwa jaribio, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Omba ruhusa kwanza. Mjini, stendi huvuta maswali kuliko kamera yenyewe. Chagua mwanga usiobadilika. Wingu zito la Julai ni bora kuliko jua la kuchungulia na kujificha.

Weka karatasi nyeupe pembeni mwa fremu, lenga, kisha usiguse fokasi tena. Pima mwanga bila kichujio. Ukipata tundu la f/8 kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, piga zote tatu kwa 1/30, kwani kila kichujio hula takriban stopu tatu (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Badilisha kasi ya shata pekee. Ukigusa tundu la lenzi, ukali wa vitu vya mbele na nyuma hautalingana. Andika mpangilio wa vichujio, maana negativu zenyewe hazikuambii.

Unapozisoma kwa skana, zima marekebisho yake ya kiotomatiki. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, zipandanishe kama safu, ya juu ikiwa na uwazi wa asilimia 50, uzisogeze hadi kingo zikutane. Kisha weka kila picha kwenye chaneli ya rangi ya kichujio chake: nyekundu, kijani au buluu.

Sasa tazama ile karatasi. Ikiwa ya pinki, picha ya kichujio cha kijani imekosa mwanga. Ikiwa ya njano, iliyokosa mwanga ni picha ya kichujio cha buluu. Mpita njia naye huacha kivuli: mwenye shati jeupe mbele ya ukuta mweusi, akipita wakati wa kichujio chekundu, huacha kivuli chekundu. Katika picha za Prokudin-Gorsky, alama hizo huonekana zaidi kwenye maji yanayotiririka.