Somo: Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, Tromsø hadi Longyearbyen

Wakuu, programu za simu zinakupa jibu tu, hazikuonyeshi limepatikanaje. Tuchukue viwanja viwili vya Norwei, kaskazini kabisa: Tromsø iliyoko bara, na Longyearbyen kule visiwani Svalbard. Barabara hakuna, katikati ni bahari.

Hatua ya 1. Andika kila kiwanja kilipo. Tromsø: latitudi 69.68 kaskazini, longitudi 18.92 mashariki. Longyearbyen: 78.25 na 15.47.

Hatua ya 2. Toa latitudi: 8.57. Digrii moja ya latitudi ni kama kilomita 111 popote duniani, kwa hiyo 951.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tofauti ya longitudi ni 3.45, na mtu aliyezoea ramani za kwetu atazidisha kwa 111 vilevile. Kwetu inakubali kwa sababu tuko jirani na ikweta. Lakini mistari ya longitudi inazidi kubanana kadiri unavyopanda, hadi yote inakutana nchani. Pale Longyearbyen digrii moja imebaki kilomita 23 hivi. Basi chukua latitudi ya katikati, 74, tafuta kosaini yake: 0.276. (Kikokotoo kikikuletea 0.17, kiko kwenye radiani, kirudishe kwenye digrii.) Zidisha kwa 111, kisha kwa 3.45: kilomita 106 tu.

Hatua ya 4. Pythagoras. Kipeo cha pili cha 951, jumlisha cha 106, tafuta kipeuo: 957.

Hatua ya 5. Muda. Ndege aina ya Boeing 737 ikishatulia angani huenda kilomita 800 na ushei kwa saa. 957 gawa kwa 800 ni saa 1.2, yaani dakika 72, siyo saa moja na dakika 20! Ongeza dakika 25 hadi 30 za kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Inakuja saa 1 na dakika 40 hivi. Saa za huko na huko ni zilezile, hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

MASWALI

– Mkuu, mbona kwenye ramani ya ukutani Svalbard ni kubwa na iko mbali mno?
Ramani nyingi za ukutani zinavuta kaskazini. Latitudi ya 78 huvutwa karibu mara tano. Svalbard nzima ni kilomita za mraba 61,000 hivi. Tanzania inaimeza mara 15.

– Nina viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Inatosha?
Haitoshi. Svalbard iko nje ya Schengen, na ukiondoka Norwei bara kwenda huko unahesabiwa umetoka. Kurudi ni kuingia upya. Omba ya mara mbili au zaidi.

– Nimejaribu Tromsø na Utqiagvik ya Alaska, nimepata zaidi ya 6,500. Sawa?
Hapana, njia hii inafaa longitudi zikiwa karibu karibu. Hizo mbili zinatofautiana kwa digrii kama 176, karibu nusu duara, kwa hiyo njia fupi inapita pembeni mwa Ncha ya Kaskazini. Pima kila mji uko digrii ngapi kutoka nchani: 20.3 na 18.7. Jumla 39, mara 111: kilomita 4,330 hivi.