Somo: Kuanza sentensi ya Kiingereza na Never, Hardly, Not until na wenzao

Aliyefika kidato cha nne, awe Tanzania au Kenya, analijua swali hili: umepewa sentensi, unaambiwa uiandike upya ukianza na "Hardly" au "Not until". Wengi hukariri mifano miwili mitatu, na mtihani ukija na kitenzi kingine wanakwama. Kukariri hakuna haja. Ukijua kuuliza swali kwa Kiingereza, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Ugumu wetu una chanzo. Kwa Kiswahili, "Amefika?" na "Amefika" ni neno lilelile, sauti tu ndiyo inayopanda. Mwingereza lazima akitoe kitenzi kisaidizi akiweke mbele ya kiima: "He has arrived" inakuwa "Has he arrived?" Neno la kukanusha likikaa mwanzoni mwa sentensi, mpangilio unaotakiwa ni huohuo wa swali.

Hatua ya 1. Chukua sentensi ya kawaida: "I have never seen such a crowd." Toa "never". Igeuze iliyobaki iwe swali: "Have I seen such a crowd?" Sasa weka "Never" mbele, futa alama ya kuuliza: "Never have I seen such a crowd." Basi, imekwisha.

Hatua ya 2. Sentensi isipokuwa na kitenzi kisaidizi, iite "do", "does" au "did", kama ufanyavyo kwenye swali. "He rarely speaks in meetings" inakuwa "Rarely does he speak in meetings." Ile "s" ya "speaks" imehamia kwenye "does". Kosa ninalokutana nalo sana kwenye madaftari ni "Never did he went". "Did" imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo "went" inarudi kuwa "go".

Msiogope pia maneno yakirundikana katikati. Churchill, akihutubia bunge la Uingereza tarehe 20 Agosti 1940 kuhusu marubani wa vita, alisema: "Never in the field of human conflict was so much owed by so many to so few." Baada ya "Never" kuna maneno sita ndipo ije "was". Kiima ni "so much", na "owed" imebaki nyuma yake. Kinachoruka kiima ni kitenzi kisaidizi peke yake.

Hatua ya 3. "Hardly" na "Scarcely" huenda na "when", lakini "No sooner" huenda na "than", kwa sababu "sooner" ni neno la kulinganisha.
"Hardly had we sat down when the lights went out."
"No sooner had we sat down than the lights went out."

Hatua ya 4. Hapa ndipo alama zinapopotea, someni taratibu. "Not until", "Only when" na "Only after" huleta vishazi viwili, na mwanafunzi mwenye haraka hupindua cha kwanza. Anaandika "Not until did the rain stop we left", na hicho si Kiingereza. Kishazi cha "until" kiache kilivyo, pindua kinachofuata: "Not until the rain stopped did we leave." Ukitaka uhakika, jiulize nini kilichelewa kutokea. Kuondoka. Basi kitenzi cha kuondoka ndicho kinachopinduliwa.

Hatua ya 5. "If" nayo inaweza kuondoka kwa njia hii. "If I had known" inakuwa "Had I known". "If you should need help" inakuwa "Should you need help". Ukikanusha, "not" ikae baada ya kiima: "Had I not seen it", si "Hadn't I seen it".

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma mahali "In no time he was back." Mbona haikupinduliwa na "no" ipo?

Jibu: Marahaba. Tazama kama kitendo kimekanushwa. Alirudi au hakurudi? Alirudi, tena upesi, kwa hiyo hapinduliwi mtu. Linganisha na "At no time was he in danger": hakuwa hatarini hata mara moja.

Swali: Kwa hiyo "Only Asha knew the answer" niiandike "Only did Asha know"?

Jibu: Hapana. Hapo "Only" imeshikana na Asha, na Asha ndiye kiima. "Not a single student failed" nayo ni vivyo hivyo, iache. Lakini ukisema "Only then", hicho si kiima, kwa hiyo: "Only then did Asha know the answer."

Swali: Na "Not only"?

Jibu: Pindua upande wa kwanza tu: "Not only does he sing, but he also dances."

Swali: Naandika barua ya kuomba kazi. Nikijaza mitindo hii si nitaonekana msomi?

Jibu: Utaonekana unahutubia. "Should you need any further information" moja, mwishoni mwa barua, inatosha. "Never have I" waachie wanasiasa. Kwenye maongezi ya kawaida sema "I've never", kama wasemavyo Waingereza wenyewe.

Swali: Mwalimu, tupe zoezi basi.

Jibu: Haya, andikeni upya. Ya kwanza muanze na "Only when": "She noticed her phone was missing only when she reached Ubungo." Ya pili muanze na "Seldom": "The bus seldom leaves on time." Majibu yenu nitayasahihisha kesho jioni.