Namna ya Kusomea Ubingwa wa Moyo Ukiwa Magharibi mwa Kenya

Daktari anayetaka kuwa bingwa wa moyo nchini Kenya hana budi kukubali mapema kwamba njia ya mkato haipo. Atasomea udaktari kwa miaka 6, atafanya kazi kama mwanagenzi kwa mwaka 1, atasajiliwa na kufanya kazi kwa muda, kisha atarudi chuoni kusomea uzamili wa tiba ya magonjwa ya ndani kwa miaka 3 au 4, na hapo ndipo ataomba nafasi ya kusomea moyo wenyewe kwa miaka mingine 2 au 3. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na umri wa miaka 18 atakuwa amekaribia 35 siku atakayoitwa bingwa. Mwongozo huu unawalenga wanafunzi wa udaktari, wanagenzi na madaktari wa kaunti walioko Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret na sehemu za karibu, ili wajue la kufanya katika kila hatua, na hatua inayofuata isije ikawakataa.

Jambo la kwanza ni kuamua unataka moyo wa nani, na unataka kuutibu vipi, kwa sababu njia zenyewe ni tatu na hazikutani baadaye. Anayetaka kuwatibu watu wazima kwa dawa, kwa mashine ya eko (inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti) na kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni) hupitia magonjwa ya ndani. Anayetaka kuwatibu watoto waliozaliwa na tundu moyoni hupitia uzamili wa magonjwa ya watoto kwanza. Anayetaka kufungua kifua hupitia upasuaji, na kwa huyo Hospitali ya Tenwek kule Bomet ni mahali pa kuanza kuulizia, kwa kuwa wapasuaji wa moyo wanafunzwa pale pale. Nimewasikia vijana wakisema tu kwamba wanataka “kusomea moyo”, na ukiwauliza wanachokipenda unagundua ni kisu. Afadhali swali hilo liulizwe chuoni kuliko mwaka wa pili wa uzamili.

Kuhusu shahada ya kwanza sina mengi ya kusema. Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya udaktari Eldoret, Maseno ina yake Kisumu, na Egerton ina yake Nakuru. Nafasi hupatikana kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kwa alama za mtihani wa KCSE wa kidato cha nne, na chochote kati ya vyuo hivyo kinatosha. Jina la chuo halitakufanya bingwa. Ukiwa Moi, usiyadharau mafunzo ya vijijini yaitwayo COBES, maana huko ndiko utakakomwona mtoto mwenye koo linalouma ambaye hakupewa penisilini, naye ndiye utakayekutana naye wodini miaka 15 baadaye akiwa na vali, yaani mlango wa moyo, iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyotokana na koo hilo.

Uanagenzi ndio mwaka unaostahili kuchaguliwa kwa makini zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ni miezi 12 ya kuzunguka katika idara kuu, zikiwemo magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na ukipewa nafasi ya kupendekeza kituo, pendekeza hospitali yenye wagonjwa wengi na daktari bingwa anayezunguka wodini mwenyewe. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wa Kisumu wangali wanaiita Russia, na hospitali za rufaa za Nakuru, Kakamega na Kisii zote zina msongamano wa kukutosha. Msongamano huo unachosha, lakini mwanagenzi aliyeshughulikia wagonjwa wengi wenye moyo uliochoka huwa ameshajifunza kipimo cha dawa ya kukojoza ambacho kitabu hakiwezi kumpa. Jiwekee pia akiba kidogo, kwani nafasi za kazi na malipo ya wanagenzi yamekuwa chanzo cha mivutano. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na suala la wanagenzi lilikuwa kiini chake.

Katika mwaka huo huo anza kujifunza kusoma ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, tena kwa mkono. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni sekunde 0.20. Gawanya 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa vilivyo kati ya vilele viwili vya R (mwinuko mrefu wa kila pigo): vikiwa 4, moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, hesabu hiyo hudanganya. Hapo hesabu vilele vyote katika ukanda wa sekunde 10, kisha uzidishe kwa 6. Kabla ya kusoma, kunja sehemu ya juu ya karatasi ambapo mashine imechapa majibu yake, usome mwenyewe, uandike unachokiona, ndipo uikunjue ulinganishe. Mashine hukosea mara nyingi kuliko inavyoonyesha, na daktari aliyezoea kuikubali hatagundua siku nyaya za mikono zitakapobadilishana. Weka daftari lenye umri wa mgonjwa, dalili zake na usomaji wako, bila jina lake, kisha ufuatilie yaliyompata. Daftari la namna hiyo litakusaidia siku ya usaili kuliko cheti cha warsha.

Baada ya uanagenzi unasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na wengi hufanya kazi katika hospitali ya kaunti kabla ya kuomba uzamili. Ukweli ni kwamba wengi hukwama hapa kwa sababu ya fedha, si kwa kukosa akili. Tangu 2013, serikali za kaunti zilipokabidhiwa sehemu kubwa ya huduma za afya, daktari aliyeajiriwa na kaunti huhitaji ruhusa ya mwajiri wake ili aende masomoni. Ukipata likizo ya masomo yenye mshahara, unasoma ukiwa na uhakika wa kodi ya nyumba. Ukienda kwa kujilipia, utalipa karo huku ukifanya zamu za usiku katika hospitali za kibinafsi, na utaingia darasani ukiwa umechoka. Ombi la likizo liandikwe mapema, pengine mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ikae kwako. Barua hupotea katika ofisi za kaunti, na asiye na nakala huanza upya.

Soma mkataba wa udhamini neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Angalia utawajibika kuitumikia kaunti kwa miaka mingapi, utatozwa kiasi gani ukiondoka kabla ya muda huo, na zaidi ya yote, kama unaruhusiwa kuendelea moja kwa moja na mafunzo ya moyo au ni lazima urudi kazini kati ya uzamili na ubingwa. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachowashtua watu wakiwa wameshapata nafasi. Ukilazimika kurudi, usiuone muda huo kuwa hasara: anzisha kliniki ya moyo siku moja kwa wiki katika hospitali yako, uwafuatilie wagonjwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vipimo vyao vya INR vinavyoonyesha kasi ya damu kuganda, na utakapoomba nafasi utakuwa na kazi ya kuonyesha.

Uzamili wa magonjwa ya ndani unapatikana Chuo Kikuu cha Moi, na mafunzo yenyewe hufanyika katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Aga Khan. Ipo pia njia ya Chuo cha Madaktari Bingwa wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (ECSACOP), ambapo mafunzo hufanyika katika hospitali zilizoidhinishwa badala ya kuandikishwa chuo kikuu; njia hiyo inamfaa asiyeweza kuhamia mji mwingine, mradi hospitali yake imo katika orodha.

Katika miaka hiyo kishawishi kikubwa ni kutaka kukimbilia mashine ya eko na kuuona ugonjwa wa figo, kisukari na kifua kikuu kuwa usumbufu. Hilo si jambo la busara. Kifua kikuu huujaza maji mfuko wa moyo, figo zilizofeli huvuruga mapigo, na kisukari huziba mishipa. Asiyeyajua hayo atakuwa fundi wa mashine tu. Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 24, mja mzito wa miezi 6, anayeletwa usiku kutoka Ahero akihema, huku barua ya rufaa ikisema ana nimonia. Mwambie, “Mama, geukia ubavu wa kushoto, polepole,” kisha uweke upande wa kengele wa stetoskopu pale ncha ya moyo inapogonga, bila kukandamiza, na umwombe atoe pumzi na kutulia kidogo. Ukisikia mvumo mzito wa chini, kama lori linalopanda Mau Summit usiku kwa mbali, nao unatokea moyo unapojaa wala si unapokaza, fikiria vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyobana. Vali hiyo ikiwa nzima huwa na upenyo wa sentimita mraba 4 hadi 6. Ukipungua hadi 1.5 au chini ya hapo, hali ni mbaya. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, kwa hiyo vali ambayo mama huyu ameishi nayo kimya tangu homa ya baridi yabisi ya utotoni sasa imeshindwa kupitisha damu yote hiyo, na mapafu yamejaa maji. Akiwekewa dripu kwa kudhaniwa ana nimonia, anaweza kufa kabla ya asubuhi. Eko itathibitisha kwa kuonyesha jani la mbele la vali likipinda badala ya kufunguka lote, lakini saa nane za usiku aliye na ufunguo wa chumba cha eko huwa nyumbani, na mgonjwa anakuwa mikononi mwako wewe na sikio lako.

Wagonjwa wa namna hii ndio wanaofanya ukanda huu kuwa mahali pazuri pa kujifunzia. Daktari anayefunzwa katika nchi tajiri anaweza kumaliza masomo akiwa ameona wagonjwa wachache tu wa vali za baridi yabisi, ilhali hapa utawaona kila juma la kliniki, pamoja na akina mama ambao moyo wao hulegea mwishoni mwa ujauzito au baada ya kujifungua, na wazee ambao presha yao haikutibiwa kwa miaka. Utakosa kwa upande mwingine wingi wa mishipa iliyoziba ghafla na kuzibuliwa kwa katheta usiku huo huo, na pengo hilo litabidi ulizibe wakati wa mafunzo ya ubingwa.

Tasnifu ya uzamili iwe ya moyo, na swali lake liwe dogo. Chagua jambo linaloweza kujibiwa kwa mafaili, mashine ya ECG na wagonjwa walio tayari klinikini; utafiti unaosubiri kemikali kutoka ng’ambo utakuchelewesha kuhitimu. Pendekezo lako litapitia kamati ya maadili ya utafiti, ambayo Eldoret inajulikana kama IREC, nayo hurudisha mapendekezo kwa marekebisho, kwa hiyo liwasilishe mapema uwezavyo. Msimamizi achaguliwe kwa jinsi anavyojibu barua pepe, si kwa urefu wa orodha ya machapisho yake.

Inapofika zamu ya kuomba mafunzo ya moyo, anza kwa kuuliza Eldoret, ambako ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Indiana tangu 1989 ulizaa AMPATH, mpango wa pamoja wa matibabu, mafunzo na utafiti, na ambako Chuo Kikuu cha Duke kilishiriki kujenga huduma na mafunzo ya moyo. Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, inafunza mabingwa wa moyo pia. Nje ya mipaka, uliza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda kule Mulago, na Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Popote uendapo, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho umuulize mambo ambayo tovuti haitakwambia: kwa wiki anafanya eko ngapi kwa mkono wake, nani hushika katheta na nani husimama nyuma akitazama, mashine ya maabara ya katheta hukaa muda gani ikiharibika, na kama wapasuaji wa moyo wako jengo hilo hilo. Thibitisha pia kwamba KMPDC inayatambua mafunzo hayo kabla ya kulipa karo.

Wapo watakaofikiria Marekani, ambako magonjwa ya ndani huchukua miaka 3 na moyo miaka mingine 3, baada ya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya huko, na ushindani mkali wa nafasi. Ni njia halali, ila kwa daktari anayetaka kufanya kazi Kisumu au Nakuru naona inamfundisha kutegemea vifaa ambavyo hatavikuta akirudi.

Ukihitimu, peleka KMPDC vyeti vyako, barua za wasimamizi na daftari la kazi ulizofanya ili utambuliwe kuwa bingwa, na uhakikishe kwamba kila ukurasa wa daftari hilo ulitiwa sahihi siku kazi ilipofanyika, kwa kuwa msimamizi aliyehamia nchi nyingine ni vigumu kumpata. Andikisha pia pointi za masomo endelevu kila mwaka, kwa sababu leseni hufanywa upya kila mwaka na baraza huzidai kwa bingwa kama linavyozidai kwa daktari mwingine yeyote.