Usiuze muswada kangomba: somo la kwenda tamasha la waandishi ukitokea Kusini

Wadogo zangu hamjambo, wakubwa shikamooni. Mwezi huu nimeulizwa mara nne swali lile lile: "Mwalimu, Dar kuna tamasha la waandishi chipukizi na wachapishaji wadogo, niende? Nikienda nikafanye nini?" Nimeona bora niandike somo moja kila mtu alisome kwa nafasi yake. Nawaandikia hasa wa Mtwara na Lindi. Mwenzetu wa Kinondoni akisahau kitu anarudi nyumbani kukichukua. Sisi tukishavuka Daraja la Mkapa, tulichosahau tumekisahau.

Kabla ya hatua zenyewe kuna jambo lazima nilitangulize. Wakulima wa korosho mnaijua kangomba, kuuza korosho kwa bei ya shida kabla msimu haujafika. Mwezi wa saba mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, mtu ana mgonjwa ndani au mtoto anakwenda chuo, anakuja mwenye pesa na kipimo chake. Msimu ukifika, mzigo si wako tena. Muswada nao huuzwa hivyo hivyo, na mimi niliuza. Hadithi niliyoiandika kwa kalamu miaka mitatu niliitilia saini nimesimama, siku ya pili ya tamasha, nikiwahi basi. Nililipwa mara moja tu. Kitabu kikatoka, na kimesomwa. Nimekikuta hadi Masasi sokoni. Jina la kijiji cha bibi yangu limekosewa ukurasa wa 3, na sina haki hata ya kuomba lisahihishwe. Hatua zote hizi nimeziandika nikiikumbuka karatasi ile.

Hatua ya 1: Ratiba kwanza, tiketi baadaye

Matamasha ya namna hii kwa kawaida yana meza za wachapishaji, mijadala, na jukwaa la kusoma. Jiulize unafuata nini. Kama ni jukwaa, andikisha jina mapema, maana nafasi huisha. Kama ni kuuza vitabu, uliza meza inalipiwa kiasi gani, kisha tafuta wenzako wawili mchangie.

Hatua ya 2: Unachobeba na unachoacha

Beba muhtasari wa ukurasa mmoja na kurasa 10 za mwanzo, zimechapwa kwa nafasi mbili kati ya mistari, jina na namba ya simu kwenye kila ukurasa. Tengeneza nakala tano. Muswada mzima uache nyumbani, na daftari la mkono usilitoe kabatini kabisa.

Wengi mnaogopa kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoiandika, hata kabla hujaisajili popote. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi ukitokea ugomvi, kwa hiyo ukiweza fanya hivyo kabla ya safari. Usipoweza, jitumie muswada kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Hatua ya 3: Soma kwa sauti mpaka majirani wachoke

Jukwaani mara nyingi utapewa dakika chache, tuseme tatu. Dakika tatu ni kama maneno 350, usomaji wa kupumua. Chagua kipande kinachosimama chenyewe, usianze kwa kueleza "hapa huyu ni shangazi yake yule." Msomee mtu asiyependa vitabu. Pale anapoangalia simu, kata.

Hatua ya 4: Safari

Mtwara mpaka Dar ni kilomita zipatazo 560, siku nzima ya basi. Masika wekeni siku moja ya akiba. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilivyoikata barabara kule Somanga na watu wakakwama njiani. Kama unabeba vitabu, fahamu uzito wake: kitabu cha A5 chenye kurasa 200 kwa karatasi ya gramu 70 kinakaribia robo kilo, hivyo vitabu 40 ni kama kilo 10. Vifunge kwenye nailoni kabla ya boksi. Na ujue mapema unalala wapi, kwa sababu Mbagala utaingia jioni umechoka.

Hatua ya 5: Mezani kwa mchapishaji

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msipapite haraka.

Mimi nikifika mezani sianzi na maneno, naanza na kitabu. Nakiacha kile kipya kilichosimamishwa mbele, nachukua kilichokaa nyuma, cha miaka miwili mitatu. Nakifungua katikati mpaka kilale chali. Kikitoa mlio wa kijiti kikavu na karatasi zikaanza kuachia mgongo, gundi ni mbaya, na kwa unyevu wa pwani yetu hakitamaliza masika mawili. Kilichoshonwa utakiona: karatasi zimekunjwa mafungu mafungu, mara nyingi kurasa 16 kila fungu, na ukifika katikati ya fungu unauona uzi. Pitisha kidole hapo. Mchapishaji aliyelipia uzi anataka kitabu kiishi.

Kisha geuza nyuma ya ukurasa wa jina. Ukurasa ule watu huuruka, nao ndio unaosema kweli. Tazama alama ya hakimiliki imefuatwa na jina la nani. Kama vitabu vyote vya mezani hakimiliki ni ya kampuni, na hata kimoja si cha mwandishi, uliza kwa upole kwa nini. Tazama namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, tarakimu 13. Hapa kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na vitabu vingi vyetu utaona 9976 au 9987 baada ya 978. Tazama mwaka, na kama kimepigwa chapa mara ya pili. Kitabu kilichorudiwa ni kitabu kilichouzika.

Halafu nunua kimoja. Wachapishaji wadogo wanaishi kwa kitabu kimoja kimoja, na mtu aliyenunua huzungumzwa naye tofauti. Hapo ndipo useme: "Naandika hadithi za pwani, nimesoma kitabu chenu hiki, je, mnapokea miswada?" Akisema ndiyo, mwachie muhtasari na kurasa zako 10, chukua mawasiliano yake, ondoka. Nyuma yako kuna mteja.

Hatua ya 6: Ukiwekewa karatasi

Usisaini siku hiyo. Hata ikiwa nzuri, hata ukiambiwa nafasi imebaki moja. Sema, "Naomba nakala nikaisome nyumbani." Mchapishaji mkweli atakupa.

Jua pia unazungumza na nani. Mpiga chapa unamlipa akuchapie, vitabu ni vyako, na kuuza ni kazi yako. Mchapishaji anagharimia yeye uhariri, jalada na uchapaji, na wewe unapata mrabaha, yaani fungu lako katika kila kitabu kinachouzwa. Anayetaka umlipe gharama zote na bado achukue haki zako, huyo hajawa mchapishaji wala mpiga chapa. Muache.

Kwenye mrabaha uliza asilimia ya nini. Asilimia 10 ya bei ya kitabu na asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji ni vitu viwili. Kitabu cha shilingi 10,000, duka likikata asilimia 40, mchapishaji anapokea 6,000. Kwa hesabu ya kwanza una 1,000, kwa ya pili 600. Uliza pia mkataba ni wa miaka mingapi, na kitabu kikiisha sokoni kisirudiwe, haki zinarudi kwako lini. Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mimi.

Hatua ya 7: Ukirudi

Ndani ya wiki moja tuma ujumbe mfupi kwa uliozungumza nao. Basi.

Maswali yenu

*Kutoka Newala:* Shikamoo Mwalimu. Mhariri niliyekutana naye tamashani anataka nitoe maneno ya kwetu, hata ming'oko. Anasema msomaji wa Mwanza hatajua. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usitoe. Mwoneshe mtu akiichimba porini, akiichemsha, akiimenya moto na kuchezesha vidole. Msomaji wa Mwanza atakuwa ameshaijua bila tanbihi. Ila neno ambalo limeingia kwa ajili ya kujionesha tu, hilo mhariri ana haki nalo. Pitia moja moja, msikatae yote wala msikubali yote.

*Kutoka Nachingwea:* Mimi naandika hadithi za watoto, nataka ziingie shuleni. Kuna mchapishaji mdogo ananiahidi.

Mwulize vitabu vyake vingapi vina ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na akuoneshe. Huwezi kuahidi shule kwa mdomo. Na kabla hujamkabidhi, fikiria Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa Aprili 2023. Inaratibiwa na Taasisi hiyo hiyo, hupokea miswada, na inayoshinda huchapishwa. Soma masharti ya mwaka husika kwanza, maana muswada ukishachapishwa huwezi kuurudisha kuwa muswada.

*Kutoka Kilwa Kivinje:* Nimechapa mwenyewe nakala 300. Nibebe ngapi?

Kaka, 30 zinatosha kwa mara ya kwanza. Bei iandike kwenye kadibodi kubwa, watu huona haya kuuliza. Uwe na chenji na lipa namba. Zikibaki, usirudi nazo zote. Badilishana na wenye meza jirani, kitabu kwa kitabu. Kabati langu la washairi chipukizi nimelijaza hivyo.

*Kutoka Mikindani:* Mwalimu, sina kitabu. Nina mashairi 12 tu na mtoto wa miezi minane. Naona haya kwenda kukaa na watu wenye vitabu.

Mdogo wangu, walioko kwenye meza zile nao walianza na kurasa za mkononi, na jukwaa la kusoma limewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Andikisha jina leo, omba upangiwe asubuhi mtoto akiwa bado hajachoka. Kwenye ada ya kiingilio waandikie waandaaji uwaeleze unatoka wapi. Wengine hupunguza kwa watokao mbali. Jumamosi njoo kibarazani kwangu baada ya alasiri, uje na lile la wavuvi wanaongoja maji kujaa. Mtoto nitampakata mimi, na saa nitaiweka mezani tuone kama linaisha ndani ya dakika tatu.