Mambo ya kuzingatia kabla ya kumkabidhi fundi umeme nyumba yako

Jikoni kwa mama yangu kulikuwa na kandambili ambazo hazikuhama. Zilikaa mbele ya friji, na kila aliyetaka maji ya baridi alizivaa kwanza. Nilipouliza, mama akajibu huku akiendelea kuchambua mchele: "Hiyo friji mwanangu ina umeme wake. Ukiishika peku inakutekenya."

Friji haikuwa na kosa. Tulimleta fundi mwingine, akafungua soketi, tukakuta waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umekatwa na kukunjwa ndani ya boksi. Nje tulizunguka nyumba nzima, hakuna fimbo ya ethi. Fundi wa kwanza alikuwa ameshalipwa fedha yake yote, plasta imepigwa, rangi imepakwa, na watu wameishi humo miaka minne. Bati linalovuja litakulowesha ujue, lakini waya mbovu hukaa kimya ukutani. Kwa hiyo maswali yote ya maana yaulize kabla kuta hazijafunikwa, na mengine kabla hata hujampigia fundi simu.

Anza na wewe mwenyewe. Pita chumba kwa chumba ukiwa na karatasi, uandike kitanda kitakaa wapi, friji wapi, pampu ya maji wapi, na kama siku moja utataka kiyoyozi au jiko la umeme. Mafundi wengi hutoza kwa pointi, yaani kila taa, swichi na soketi, hivyo bila orodha hiyo hata bei mtakayopatana ni ya kubahatisha. Hita ya kuogea usiisahau kabisa. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 hula karibu ampea 24. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi. Hita inataka 4 au 6, na breka yake peke yake. Nimeshaona hita imeungwa kwenye waya wa taa ya bafuni, kwa sababu mwenye nyumba aliikumbuka dari ikiwa imeshafungwa.

Kisha mjue mtu unayemwita. Kwa Tanzania, leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ina daraja linaloonyesha mwenye nayo anaruhusiwa kazi ya ukubwa gani. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kinaonyesha amesoma, lakini si leseni. Omba uvione vyote viwili, usome jina na tarehe ya mwisho. Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Halafu uliza nani hasa atakuwepo saiti kila siku, maana kuna mtindo unaonisumbua sana: nyumba inafungwa umeme na kijana asiye na leseni, kisha anatafutwa mwenye leseni agonge muhuri kwenye fomu za kuombea umeme TANESCO, bila kukanyaga hapo nyumbani. Muhuri ule maana yake mtu anayejua kazi ameikagua na anabeba dhamana. Kijana kujifunza kazi si vibaya, wote wamepitia huko, ila mkubwa wake aje, afungue maboksi, aone kwa macho yake. Mweleweshe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwenye vifaa ndiko watu wanakoumia zaidi. Usitoe fedha ya jumla ukaambiwa "niachie mimi". Akuandikie orodha: waya wa ukubwa gani, rola ngapi, breka za ampea ngapi. Kisha nenda naye dukani, Kariakoo au popote, ulipe mwenyewe na risiti ubaki nayo. Tafuta alama ya TBS, shirika la viwango, lakini usiishie hapo. Zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Omba kuona ncha ya waya, ikwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ile nyingine ukikwangua mara mbili tatu weupe unatokea. Shika pia rola mkononi, ya shaba ni nzito zaidi. Alumini hiyo haipitishi umeme vizuri kama shaba ya unene uleule, hupata joto, na hulegea kwenye skrubu za soketi. Hapo ndipo moto huanzia.

Katika orodha hiyo hakikisha kuna RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja. Fundi anaweza kukwambia breka za kawaida zinatosha. Hazitoshi. Breka ya ampea 20 inalinda waya usiungue, na umeme unaoweza kumuua mtu ni mdogo mno kiasi kwamba breka hiyo haitashtuka. RCD ndiyo inayogundua umeme unavuja kupitia mwili wa mtu, ikakata papo hapo. Ila nayo haichukui nafasi ya ethi, vyote viwili viwepo.

Malipo gaweni kwa hatua: paipu na maboksi, kupitisha nyaya, kufunga swichi na taa, kisha kupima. Fedha ya ufundi iwe kando na ya vifaa. Andikeni na kutia saini, hata kama fundi ni shemeji yako. Sehemu ya mwisho isitoke kabla ya vipimo.

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta kwa simu, futi kamba ikionekana. Siku ya kutoboa ukuta ili utundike pazia utazitafuta.

Siku ya kukabidhiwa, simama pale. Aje na mega, kifaa cha kupima kama nyaya zinavujisha umeme, apime nyaya kwa volti 500; usomaji usipungue megaohm 1, na kwa nyumba mpya uwe juu zaidi ya hapo. Akuonyeshe fimbo ya ethi ilipochimbiwa na klempu ilivyobana waya. Umeme ukishaingia, bonyeza mwenyewe kitufe cha majaribio cha RCD, lazima ikate. Swichi ya taa ikizimwa, testa isiwake kwenye holda, maana wapo wanaoifanya swichi ikate nyutro, waya wa kurudisha umeme, na kuacha waya wa moto.

Mita ya LUKU pamoja na nyaya zinazotoka kwenye nguzo hazimhusu fundi wako. Akikudokeza kwamba anaweza kuiruka mita, muage. Ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, na atakayekutwa na mita hiyo ni wewe.

Kwa mama ilibidi tutindue ukuta wa jikoni, tupitishe waya mpya wa ethi hadi mein swichi na kuchimbia fimbo nyuma ya nyumba. Fundi alipomaliza kupima akamwita. Mama akavaa kandambili zake, akashika mlango wa friji. Akazivua, akashika tena, akatulia kidogo, kisha akaziokota akazipeleka bafuni.